Mpiga Ngoma na Mchonga Ngoma

Mwaka 2014 UNESCO iliingiza mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wapigaji hujipanga nusu duara, ngoma zao zikiwa witiri daima. Moja iliyo katikati huongoza, nyingine hushikilia mapigo yasiyokatika, nyingine hufuata mwendo wa ile ya kati, na wachezaji hupokezana kuruka na kukariri sifa za mashujaa. Jina la urithi huo linataja mchezo na linataja ufalme. Mtu aliyeangusha mti, akaufukua kwa shoka na tezo mpaka ukawa mwili wenye sauti, akauwamba ngozi ya ng'ombe na kugongomea vigingi vya kuishika, hana mahali katika jina hilo. Mpigaji anaitwa msanii na kupelekwa Paris au Tokyo. Mchongaji analipwa siku ngoma inapochukuliwa, na habari zake zinaishia hapo. Kwa hiyo anayetaka kujua mpaka kati ya sanaa na ufundi unapita wapi asiende mbali. Haupiti kati ya ngoma na sufuria. Unapita ndani ya ngoma moja, kati ya mikono miwili ambayo mmoja usingefanya lolote bila mwingine.

Tofauti kati ya msanii na fundi ipo kweli, ila haikai pale tunapozoea kuitafuta. Haikai kwenye kitu chenyewe wala kwenye ustadi wa aliyekitengeneza. Inakaa kwenye swali ambalo jamii humuuliza mmoja na kumnyima mwingine: ulikusudia nini? Anayeulizwa hivyo huandikwa jina, husubiriwa, hubishaniwa, hukumbukwa. Asiyeulizwa hivyo huulizwa bei tu. Na ukichunguza Bujumbura na vilima vinavyoilisha jiji hili kwa vikapu, mitungi na vinyago, utaona kwamba anayeulizwa na asiyeulizwa hawakupangwa kwa ubora wa kazi zao. Walipangwa kwa ukoo, kwa jinsia na kwa ukaribu wao na mamlaka.

Jibu linalotolewa haraka zaidi juu ya suala hili ni la matumizi: sanaa ni ya kutazamwa na kusikilizwa, ufundi ni wa kutumika. Jibu hili hujifanya la kale, lakini halina umri mkubwa. Mwaka 1746 Mfaransa Charles Batteux alichapisha kitabu kilichokusanya muziki, ushairi, uchoraji, uchongaji wa sanamu na dansi katika kundi moja la sanaa zilizowekwa kwa ajili ya kufurahisha, na kuziweka kando kazi zinazohudumia mahitaji ya mwili. Mgawanyo huo ukaenda Ulaya nzima, ukasafiri na shule na makumbusho hadi kwetu. Ulipofikishwa mahakamani, haukusimama imara. Oktoba 1926 sanamu ya shaba ya Constantin Brancusi iitwayo Bird in Space ilifika New York. Maofisa wa forodha waliipanga pamoja na vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali na kudai ushuru wa asilimia 40, wakati kazi za sanaa ziliingia bila kulipiwa. Kesi ilimalizika Novemba 1928 kwa ushindi wa Brancusi. Shaba ilikuwa ileile kabla ya hukumu na baada yake. Mahakama iliamua baada ya kusikiliza watu walioitwa kueleza mtengenezaji ni nani na alikuwa akifanya nini. Swali la kusudio liliulizwa kwa kiapo, na jibu lake likaondoa ushuru.

Kwa kipimo cha matumizi, ngoma ya Burundi ingekuwa ya kwanza kufukuzwa sanaani. Ilitangaza kuamka na kulala kwa mwami, yaani mfalme. Ilifungua msimu wa kupanda mtama katika sherehe ya muganuro. Karyenda, ngoma kuu, ilikuwa nguzo ya utawala wenyewe, na ndiyo maana bendera ya ufalme uliopata uhuru mwaka 1962 iliweka ngoma katikati, na ndiyo maana ngoma hiyo iliondolewa kwenye bendera Michel Micombero alipotwaa madaraka na kuufuta ufalme mnamo Novemba 1966. Kitu kisicho na kazi hakiondolewi kwenye bendera kwa haraka namna ile. Ngoma ilikuwa chombo cha kazi nzito kuliko jembe, na bado hakuna mtu anayesita kuiita sanaa. Basi matumizi hayawezi kuwa ndiyo yanayotenganisha.

Kipimo kilicho kigumu zaidi kukijibu kinatoka kwa Mwingereza R. G. Collingwood, katika kitabu chake The Principles of Art cha mwaka 1938. Fundi, kwa maelezo yake, anaujua mwisho kabla ya kuanza: meza inajulikana kimo na upana kabla ubao haujakatwa, na kazi yote iliyobaki ni kuufikia mwisho huo. Msanii hajui anachotaka kusema mpaka amekisema. Kazi yenyewe ndiyo inayomfunulia. Hoja hii inastahili heshima, kwa sababu inagusa jambo ambalo kila mtengenezaji hulijua mikononi mwake. Fundi seremala wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, anayeletewa picha ya kabati kwenye simu na kuambiwa atengeneze kama hilo anafanya kazi ambayo mwisho wake umekwisha kuamuliwa na mtu mwingine, pengine katika nchi nyingine. Hakuna haja ya kumpamba kwa jina la msanii kwa saa hizo.

Lakini fuata kipimo hicho mpaka mwisho, uone kinamkamata nani. Kikapu cha Burundi cha kusukwa kwa mzingo huanza na kitovu kidogo, kisha kila mzunguko hurefuka kuliko uliotangulia. Pambo lililohitaji mishono mitano katika mzunguko huu litahitaji zaidi katika ule ujao ili lisipotee, na litahitaji kupunguzwa kikapu kinapoanza kujifunga kuelekea kifuniko kilichochongoka. Msusi hana karatasi. Anaamua mzunguko kwa mzunguko, na uamuzi wa jana unamfungulia njia fulani leo na kumfungia nyingine. Sasa mtazame mchoraji wa picha za watalii, mwenye twiga, machweo na mbuyu, anayejua kila rangi itaangukia wapi kabla ya kufungua kopo. Kwa Collingwood huyu ndiye fundi na yule msusi ndiye msanii, ilhali dukani mambo yamegeuzwa: picha inatundikwa ukutani chini ya neno sanaa, kikapu kinarundikwa sakafuni na wenzake. Historia ya Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam inaonyesha jambo hilohilo ndani ya mtindo mmoja. Alianza mwaka 1968 kuchora wanyama juu ya vipande vya mbao za kiwandani kwa rangi ya kupaka baiskeli, akavumbua namna ya kuona ambayo haikuwepo kabla yake. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, wanafunzi wake waliuendeleza mtindo, na mwaka 1990 ukapata chama cha ushirika. Baadhi yao walivumbua tena. Wengine walirudia picha ileile mwaka hadi mwaka kwa sababu ilinunuliwa. Collingwood mwenyewe alikubali kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa sanaa na ufundi kwa pamoja. Alichokieleza kinagawa nyakati ndani ya kazi. Hakiwagawi watu kuwa wa aina mbili, na ni kwa kulisahau hilo ndipo watu hugawanywa.

Mwaka 1988 mtaalamu wa sanaa za Afrika Susan Vogel aliandaa maonyesho mjini New York ambamo wavu wa kuwindia wa Wazande, watu wa kaskazini mwa Kongo na nchi jirani, uliwekwa umefungwa kama ulivyosafirishwa, katika chumba cheupe, mithili ya kazi ya msanii wa kisasa. Mtu angeweza kuuona kuwa sanaa. Katika kitabu cha maonyesho hayo mwanafalsafa Arthur Danto alibuni makabila mawili ya Afrika yasiyokuwepo. Moja hutukuza mitungi na kuona vikapu kuwa vyombo vya kawaida. La pili hutukuza vikapu, na mitungi kwao ni vyombo tu. Mitungi na vikapu vya pande zote mbili vinafanana hata jicho haliwezi kuvitofautisha. Danto alitaka kuonyesha kwamba maana ya kitu katika fikra za watu wake ndiyo inayokifanya sanaa. Ni fumbo zuri, ila kwa msomaji wa Burundi lina pengo kubwa. Hapa watu wa mitungi na watu wa vikapu hawakubuniwa. Wapo, wanajulikana, na hakuna upande uliokaa chini kuchagua kipi ukitukuze. Mitungi ilifinyangwa hasa na Watwa, takriban asilimia moja ya raia, ambao kwa vizazi vingi majirani zao hawakukubali kula nao. Vikapu vilisukwa hasa na wanawake katika saa zilizobaki baada ya shamba na jiko. Cheo cha kitu kilifuata cheo cha mtu.

Ushahidi mkali zaidi wa hilo uko kwenye bia. Pombe ya mtama au ya ndizi iliwekwa katika mtungi mmoja, wageni wakaizunguka na kunywa kwa mirija. Kuchangia mtungi kulikuwa alama ya udugu, upatanisho na ndoa. Mtungi wenyewe mara nyingi ulitoka mikononi mwa Mtwa, na Mtwa huyo hakuruhusiwa kutia mrija wake pamoja na wengine. Kazi yake ilikuwa katikati ya sherehe, yeye akiwa nje. Hakuna maelezo yoyote kuhusu umbo, mng'ao au uzuri wa mtungi yanayoweza kueleza hali hiyo. Mtungi uliitwa chombo kwa sababu kuuita kitu cha kutukuzwa kungelazimu kumtambua aliyeufinyanga.

Mpinzani atasema ninachanganya dhuluma na uzuri: kwamba Mtwa kuonewa ni kosa, lakini kosa hilo haliugeuzi mtungi wake kuwa sanaa. Ni kweli, halitoshi peke yake. Ndiyo maana inafaa kumtazama Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda kusoma Uingereza, kisha katika miaka ya 1970 akajifunza kufinyanga kwa mkono Abuja, Nigeria, kwa wanawake wa Kigwari, Ladi Kwali akiwa miongoni mwao. Hatumii gurudumu. Anapandisha udongo mviringo juu ya mviringo, anausugua mpaka ung'ae, anauchoma ukawa mwekundu, na mara nyingine anauchoma tena katika moto ulionyimwa hewa ukawa mweusi. Njia hizo zote, mfinyanzi wa kijijini Afrika angezitambua. Leo vyombo vyake vimo katika British Museum, huuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni, na mwaka 2020 alipewa cheo cha heshima cha Dame. Ninaamini anastahili kila heshima aliyopewa. Hoja yangu ni kwamba heshima hiyo ilimfikia baada ya kupita chuoni na kwenye maonyesho, mahali ambapo mtu akishika udongo huulizwa alikuwa akifikiri nini. Wanawake wa Abuja waliomfundisha, ukimwacha Ladi Kwali aliyepata kujulikana, hawakuulizwa, ingawa maarifa ni yaleyale. Kusema kwamba vyombo vya Odundo ni sanaa kwa sababu haviwekwi maji ni kurudi kwenye kipimo cha matumizi, nacho ngoma imekwisha kukivunja.

Suala la nani huulizwa linaweza pia kuamuliwa na dola. Oktoba 2017 amri ya rais wa Burundi iliagiza kwamba ngoma ya kifalme ipigwe na wanaume tu, kwamba vikundi viandikishwe wizarani, na kwamba anayetaka ngoma kwenye sherehe yake binafsi alipe faranga 500,000 kwa hazina ya serikali. Watetezi wa amri walisema inalinda urithi usigeuzwe biashara ya arusi, na hofu hiyo ina msingi. Mchezo unaotolewa popote kwa yeyote hupoteza uzito. Ila tazama ngoma yenyewe: vigingi vyake huitwa amabere, yaani matiti ya mama, na ngozi yake imepewa jina la ngozi ya kubebea mtoto. Waliovibuni viungo hivyo walifikiri juu ya uzazi, mwili wa mwanamke na rutuba ya nchi. Kumfungia mwanamke nje ya kitu kilichojengwa kwa mfano wake kunaonyesha kwamba cheo cha sanaa, kikishatolewa, huwekewa walinzi, na walinzi hao hawachagui kwa masikio. Rwanda ilikwenda upande mwingine: nembo ya taifa ya mwaka 2001 ina kikapu, agaseke, na kuanzia 2005 vikapu vya huko vilianza kuuzwa katika maduka ya Macy's ya Marekani. Kazi ya wanawake ilipandishwa cheo kwa uamuzi. Hata hivyo mnunuzi alijua zaidi jina la nchi kuliko la msusi.

Makumbusho yetu nayo yamerithi mazoea hayo. Makumbusho ya Taifa ya Gitega yalianzishwa mwaka 1955, enzi ya Wabelgiji, kwa utaratibu wa wakati ule: kitu, kazi yake, mahali kilipotoka. Musée Vivant ya Bujumbura, iliyofunguliwa mwaka 1977, imeweka ndani ya uzio mmoja makazi ya kifalme yaliyojengwa upya, kazi za mikono, na pia mamba na nyoka. Nia ilikuwa njema, kuonyesha nchi nzima mahali pamoja. Lakini mtoto wa shule anayepita kutoka kwenye mitungi hadi kwenye mamba anafundishwa kimyakimya kwamba vyote ni mazao ya ardhi hii, vilijiotea tu, na hakuna mtu aliyekaa akaamua shingo ya mtungi iwe nyembamba kiasi gani. Katika nchi jirani ya Kongo, mjini Lubumbashi, kuna mfano wa kinyume. Kati ya 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mitaani aliyeuza picha zake nyumba kwa nyumba, alichora historia ya Zaire katika picha 101 juu ya nguo za magunia ya unga. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian hakuishia kununua. Aliketi naye akamuuliza juu ya kila picha, kwa Kiswahili, na majibu yakarekodiwa. Ndiyo maana leo Tshibumba anasomwa kama mwanahistoria na msanii. Mkono wake haukubadilika kati ya picha aliyouza sebuleni na ile aliyoielezea. Kilichoongezeka ni maswali, tena katika lugha ambayo Buyenzi nzima ingeyaelewa.

Pingamizi ninalolisikia kuwa zito kuliko yote linasema: kila kitu kikiitwa sanaa, neno halina kazi tena, na uvivu utapata pa kujificha. Ninakubaliana na hofu hiyo, nikiongeza kwamba ukuta uliopo kati ya sanaa na ufundi ndio unaoukinga uvivu. Picha mbaya hupata nafasi ukutani kwa kuwa ni picha, na geti zuri halitazamwi mara mbili kwa kuwa ni geti. Mitaa ya Bujumbura imejaa kazi zinazoweza kuhukumiwa kwa ukali kama shairi. Kuna mageti ya kuchomelea ambayo fito zake zimepangwa kwa uwiano unaotuliza jicho, na mengine yenye nyota zilizorundikwa bila sababu. Kuna fundi cherehani anayekata kitenge hata ua kubwa likaangukia kifuani na mistari ikakutana kwenye mshono wa ubavu, na mwingine anayekata popote ili kitambaa kitoshe. Watu wa jiji hili wanaijua tofauti hiyo, wanailipia, na huvuka mtaa mzima kumfuata fundi wao. Uhakiki upo tayari midomoni mwa wateja, haujaandikwa tu. Kuutambua kungeongeza ukali wa hukumu, kwa sababu kazi ingehukumiwa kwa jinsi ilivyofikiriwa badala ya kundi ilimowekwa.

Kuna wanaosema pia kwamba fundi hataki falsafa, anataka pesa. Bila shaka anataka pesa, na kusudio lililoandikwa pamoja na jina ndiyo njia moja ya kuzipata. Mkataba wa Berne wa haki za watunzi, uliotungwa mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unazitaka nchi zilinde kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa sanaa za matumizi, kiwango cha chini ni miaka 25 tangu kazi ilipotengenezwa. Mgawanyo wa Batteux umegeuka saa mbili za kuhesabu riziki. Na asiyetambuliwa kuwa mtunzi hana hata hiyo iliyo fupi. Wapiga ngoma wa Burundi wenyewe waliyaonja haya ughaibuni. Rekodi yao iliyofanywa na Wafaransa katika miaka ya 1960 ilitiwa piano na magitaa mwaka 1971 ikawa santuri iitwayo Burundi Black. Mwanamuziki Joni Mitchell akaitumia rekodi ile ya awali mwaka 1975 katika wimbo wa The Jungle Line. Na mapema miaka ya 1980 vikundi vya Uingereza vikachukua mapigo hayo. Nyumbani wapigaji wale walikuwa wasanii wa ngoma ya kifalme. Huko nje wakawa malighafi, kundi lisilo na majina lililotajwa kwa jina la nchi, sawasawa na mchonga ngoma anavyotendewa na sisi. Cheo hakikusafiri nao kwa sababu hakikuwahi kuwa ndani ya sauti.

Kwa Watwa, hata hivyo, jina na hakimiliki ni hatua ya baadaye. Mfinyanzi anahitaji udongo, na udongo mzuri uko mabondeni, kwenye maeneo yenye maji ambayo kwa miongo mingi yamekuwa yakigawiwa kwa kilimo, huku familia nyingi za Kitwa zikiwa hazina ardhi. Beseni la plastiki na sufuria ya alumini vimemaliza soko la kila siku, na kufungwa kwa machimbo ya udongo kunamaliza hata uwezekano wa soko jingine, lile la watu ambao wangenunua mtungi kwa kuupenda. Katiba ya mwaka 2005 iliwapa Watwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti, jambo ambalo nchi chache za eneo hili zimewafanyia watu wao wachache. Viti hivyo vinaweza kutumika kudai haki ya kuchimba udongo, mbunge yeyote akitaka. Serikali inayonunua ngoma za mapokezi na zawadi za wageni nayo inaweza, kwa gharama ya kalamu na karatasi, kuandika nani alichonga, nani alisuka, kilima gani, mwaka gani, na alijibu nini alipoulizwa kwa nini alifanya hivi. Makumbusho ya Gitega yanaweza kuhifadhi umbo la mtungi kwa karne nzima. Bonde lipi lina udongo usiopasuka, kiasi gani cha mchanga kichanganywe, na moto upunguzwe lini, mambo hayo hayamo katika umbo. Yamo kwa wafinyanzi walio hai leo.